Kuruti simu: faida zake, hatari zake, na simu ya mama niliyoiua

Nimepotea kidogo kwa sababu ya kazi; mwandishi wa programu naye ana mwajiri, na mwajiri ana tarehe zake. Leo nimerudi na jambo ambalo nimekuwa nikiulizwa tangu nilipomaliza shahada ya sayansi ya kompyuta: "Kijana, wewe si ni mtu wa kompyuta? Hebu nirutie hii simu."

Aliyenisukuma kuandika ni jirani yangu hapa Shauri Moyo. Alinijia jioni moja na simu aliyoichukua kwa mkopo, zile za kulipia kidogo kidogo kila siku. Alikuwa amekosa kulipa kwa siku kadhaa, simu ikajifunga. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba simu ikirutiwa, kifungo hicho kinaondoka. Nilikataa. Akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu vizuri pale mlangoni: "Kwani hii simu ni ya nani?"

Swali hilo ni zuri kuliko anavyodhani. Ili nilijibu, naomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuruti simu kulikomaanisha mwaka 2011 siko kunakomaanisha leo.

RUTI NI NINI?

Kwanza tuelewane. Ruti ninayoizungumzia hapa si ile ya matatu za Jogoo Road. Neno hili limetoka mbali. Mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs kule Marekani walianza kutengeneza mfumo wa kompyuta ulioitwa Unix. Siku hizo kompyuta ilikuwa ghali, kwa hiyo watu wengi walitumia moja. Kila mtu alikuwa na akaunti yake na faili zake, na hakuruhusiwa kugusa za mwenzake. Lakini ilikuwepo akaunti moja iliyoweza kufanya lolote: kusoma faili ya yeyote, kufuta chochote, hata kuuharibu mfumo wote. Akaunti hiyo ndiyo ruti, maana yake mzizi, na namba yake ni 0.

Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991, ilifuata mpango huo huo. Android nayo imejengwa juu ya Linux. Ila Android ilifanya jambo moja la ujanja: kwenye simu, programu ndizo zilizopewa akaunti. Kila programu unayoiweka hupewa namba yake, kuanzia 10000 kwenda juu, kana kwamba ni mtu tofauti. Ndiyo maana programu ya kikokotoo haiwezi kufungua faili za programu ya benki. Akaunti namba 0 ipo ndani ya simu yako hivi sasa unaposoma, ila wewe uliyeinunua hukupewa ufunguo wake. Kuruti ni kuutafuta ufunguo huo na kuushika.

Mtu wa Shauri Moyo haelewi jambo hili kwa shida. Mtaa huu ulijengwa na baraza la mji la wakati wa ukoloni, miaka ya 1930, na wengi wa wakazi wake wa kwanza walihamishiwa hapa baada ya kijiji cha Pangani kubomolewa. Tangu hapo tunaziita nyumba za kanjo. Unaweza kuzaliwa ndani yake, ukaoa, ukapata wajukuu, lakini ukitaka kutoboa ukuta lazima uulize. Ukitoboa kimyakimya, huenda ukapata chumba cha ziada, na huenda ukuta ukakuangukia. Simu ya kisasa iko hivyo. Umelipa bei yote, lakini unaishi ndani yake kama mpangaji.

SIKU ZA MWANZO

Simu ya kwanza ya Android kuuzwa ilikuwa HTC Dream, ambayo Marekani iliitwa T-Mobile G1. Ilitoka Oktoba 2008. Haikuchukua hata wiki chache watu wakapata ruti. Tena kasoro moja ilikuwa ya kuchekesha: chochote ulichoandika kwenye kibodi ya simu kilikuwa pia kinapelekwa, kisirisiri, kwa ruti kama amri. Mtu akiandika neno "reboot" katikati ya mazungumzo, simu inajizima na kujiwasha. Google waliziba kasoro hiyo Novemba 2008, lakini habari zilikuwa zimeshaenea.

Mwaka 2009 Steve Kondik alianza kutoa CyanogenMod, toleo la Android lililotengenezwa na watu wa kujitolea, ambalo mwenye simu iliyofunguliwa aliweza kuliweka badala ya lile la kiwandani. Julai 2010 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kufungua simu yako ili uweke programu unazotaka si kuvunja sheria ya hakimiliki. Kwa hiyo jambo hili halikuanza kama wizi. Lilianza na watu walioamini kwamba aliyenunua kitu ana haki ya kukifungua na kuangalia ndani.

IDEOS YAINGIA NAIROBI

Kwetu Kenya mambo yalianza hasa mwaka 2011, Safaricom ilipoleta simu ya Huawei iliyoitwa Ideos. Bei yake ilikuwa kama shilingi 8,000, wakati simu nyingine za Android ziliuzwa mara tatu au nne ya hapo. Ilikuwa na kioo cha inchi 2.8, RAM ya megabaiti 256 na prosesa ya megahezi 528. Leo hata saa ya mkononi inaishinda. Lakini ilinunuliwa kama mkate; kabla mwaka huo haujaisha ziliripotiwa kuuzwa zaidi ya 300,000. Vijana wengi wa Eastlands waliigusa Android kwa mara ya kwanza kwenye kile kioo kidogo.

Binamu yangu alikuwa nayo. Mimi nilikuwa darasa la nane, napaswa kusoma kwa ajili ya KCPE, lakini jioni nilikuwa nyuma ya bega lake. Tatizo la Ideos lilikuwa nafasi. Ukiweka programu chache, simu inakwambia imejaa. Ilikuja na Android 2.2 iliyoruhusu baadhi ya programu kuhamishwa kwenye memori kadi, lakini si zote, na hata zilizohamishwa ziliacha sehemu yake ndani. Dawa ilikuwa kuruti, kisha kutumia programu kama Link2SD iliyohamisha karibu kila kitu. Wengine walikwenda mbele wakaweka CyanogenMod 7, wakapata Android 2.3.

Tuliirutia saiba. Binamu alilipia nusu saa, akaunganisha waya, akafungua programu iliyoitwa SuperOneClick, akabofya mara moja. Baada ya dakika chache simu ilijiwasha ikiwa na kialama kipya. Nilikuwa nimeona muujiza. Nadhani ndiyo siku niliyoamua nitasomea nini chuoni.

MLANGO MMOJA, WAGENI WAWILI

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa chuoni, ndipo nilipoelewa kilichotokea ndani ya ile nusu saa. SuperOneClick ilitumia ujanja ulioitwa rageagainstthecage. Nitaueleza, kwa sababu ndani yake mna somo lote.

Android ina programu ndogo, adbd, inayosikiliza amri za kompyuta iliyounganishwa kwa waya. Inapoamka huwa na mamlaka ya ruti, kisha yenyewe huyavua na kuwa mtumiaji wa kawaida. Upande mwingine, Linux huweka kikomo: mtumiaji mmoja hawezi kuendesha zaidi ya idadi fulani ya kazi kwa wakati mmoja. Ujanja ulikuwa huu. Unazijaza nafasi zote za yule mtumiaji wa kawaida mpaka zifike kikomo. Kisha unaiua adbd ili ijiwashe upya. Inaamka na mamlaka ya ruti na kuomba kuyavua. Linux inajibu: haiwezekani, upande ule umejaa. Na walioandika adbd walikuwa wamesahau kusoma jibu hilo. Ikaendelea na kazi ikiwa bado ni ruti, na amri yako yoyote ikawa amri ya ruti.

Mstari mmoja wa kukagua jibu ungetosha. Mimi ninayeandika programu kwa ajili ya mkate nikikumbuka hilo, hurudi kukagua kazi yangu mara ya pili.

Sasa sikiliza upande wa pili. Machi mwaka huo huo wa 2011, iligunduliwa kwamba programu zaidi ya 50 zilizokuwa kwenye duka rasmi la Android zilikuwa na mdudu aliyeitwa DroidDream. Nyingi zilikuwa nakala za programu halali zilizofungashwa upya. Ndani yake mlikuwa na rageagainstthecage ile ile, pamoja na ujanja mwingine ulioitwa exploid. Mdudu huyo alijipa ruti bila kukuuliza, akatuma IMEI na namba ya laini yako kwa mtambo wa mbali, kisha akafungua njia ya kuweka programu nyingine. Simu zenye Android ya kabla ya 2.2.2 zilikuwa wazi kwake. Google ilibidi waziondoe programu hizo kutoka ndani ya simu za watu, wakiwa mbali.

Umeona? Tundu lililompa binamu yangu nafasi ya programu zake ndilo lililompa mwizi nyumba nzima. Ukisikia kwamba simu fulani "inarutika kwa urahisi kwa programu tu", umeambiwa kwamba simu hiyo ina tundu ambalo halijazibwa.

PESA ZILIKUWA KWENYE LAINI

Basi mbona Nairobi haikulia mwaka ule? Sababu moja ni kwamba pesa hazikuwa kwenye simu.

M-Pesa ilizinduliwa tarehe 6 Machi 2007, kabla Android yoyote haijauzwa. Ilitengenezwa ili ifanye kazi kwenye simu ya aina yoyote, hata mulika mwizi. Kwa hiyo menyu yake iliwekwa ndani ya laini yenyewe. Laini ni kompyuta ndogo inayojitegemea, ina siri zake ambazo simu haizijui, na ujumbe wa kutuma pesa ulifungwa kwa siri hizo kabla ya kutoka. Ni kweli kwamba namba ya siri uliibonyeza kwenye simu, kwa hiyo aliyeiteka simu angeweza kujaribu kuchungulia. Lakini funguo zenyewe zilikaa mahali ambapo ruti haifiki.

Hili nililijua kwa vitendo, na sasa niseme nilichoahidi kwenye kichwa cha makala.

Mapema mwaka 2016 nilikuwa nimemaliza KCSE, nasubiri matokeo, sina kazi, nina ujuzi wa nusu. Mama alikuwa ameanza kulalamika kwamba simu yake, ya bei nafuu ya duka la mjini, imekuwa nzito. Nilimwambia, "Mama, niachie usiku mmoja tu." Nilishusha programu ya kurutia kwa kubofya mara moja, ikafaulu. Nikalewa sifa. Nikaanza kufuta programu za kiwandani ambazo niliona hazina kazi. Mojawapo ilikuwa na kazi. Simu ilipojiwasha iliganda kwenye nembo, ikazima, ikawaka, ikaganda tena. Ilifanya hivyo mpaka asubuhi. Nilikuwa nimeigeuza tofali.

Mama alikuwa mweka hazina wa chama chao cha akina mama kumi na wanne. Daftari lilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti. Yeye alikuwa na picha za kurasa, na jumbe za waliotuma michango, zote kwenye simu ile. Aliponiona nimekaa kitandani asubuhi na simu mkononi, hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja: "Pesa ziko?"

Nilitoa laini, nikaiweka kwenye mulika mwizi ya zamani iliyokuwa kwenye droo. Alibonyeza namba ya siri. Pesa zilikuwepo, hadi shilingi ya mwisho.

Picha na jumbe ndizo hazikurudi. Fundi mmoja karibu na soko la Burma aliiflashi kwa shilingi 500, ikarudi nyeupe kama ilivyotoka dukani. Jumapili iliyofuata mwanachama mmoja alisema alikuwa amelipa 2,000 taslimu mwezi ule na mama alimwandikia kwenye simu. Mama hakuwa na cha kumwonyesha, wala cha kumkatalia. Alizitoa mfukoni mwake. Sijui mpaka leo kama yule mama alikuwa amelipa kweli. Ninachojua ni kwamba mwaka uliofuata mama hakugombea tena uweka hazina.

IMEI NA SIMU BANDIA

Kuna upande mwingine wa historia yetu ambao ni lazima niutaje. Mwishoni mwa Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano, iliyoitwa CCK wakati huo, iliagiza simu bandia zizimwe. Simu kama milioni 1.9 zilitoka hewani. Simu zilitambuliwa kwa IMEI, ile namba ya tarakimu 15 ambayo kila simu halali inapaswa kuwa nayo peke yake.

Kwenye simu nyingi za chipu za MediaTek, aliyekuwa na ruti na kifaa sahihi aliweza kuandika IMEI nyingine. Baadhi ya watu waliona ni huruma tu, kuirudisha hewani simu ya mtu aliyeuziwa bandia bila kujua. Lakini kalamu hiyo hiyo ndiyo inayosafisha simu iliyonyang'anywa mtu Jogoo Road usiku. Sheria ya mawasiliano ya Kenya inakataza kubadilisha IMEI, na hapo mimi na sheria hatuna ugomvi. Fundi akikwambia "nitairuti halafu nibadilishe IMEI", chukua simu yako uondoke.

FAIDA ZILIVYOPUNGUA

Turudi kwa anayeruti kwa nia njema. Mwaka 2011 alikuwa na sababu nyingi. Angalia zilikokwenda:

- Kupiga picha ya kioo: simu nyingi za zamani zilihitaji ruti. Android 4.0, iliyotoka mwishoni mwa 2011, iliweka jambo hilo kwa kila mtu.
- Kunyamazisha programu za kiwandani: Android 4.0 hiyo hiyo ilikuruhusu kuzima nyingi, ingawa si zote.
- Kuinyima programu ruhusa ya kusoma majina na jumbe zako: kabla ya hapo ulikubali yote au uache programu. Waliokuwa na ruti waliweza kuchagua. Android 6.0 ya mwaka 2015 ilimpa kila mtu uwezo huo. Kwa nchi ambayo programu za mikopo zilikuwa zinasoma orodha ya majina na kuwapigia jamaa zako ukichelewa kulipa, hili halikuwa jambo dogo.
- Nafasi: simu za leo hazina njaa ile ya Ideos.

Yaani watu wa ruti walikuwa wanaandika, bila kulipwa, orodha ya mambo ambayo Android ilikuja kuyaweka rasmi. Tuwashukuru.

Zilizobaki ni chache lakini ni za kweli. Kuchukua nakala kamili ya data ya programu zote. Kuzuia matangazo kwa mfumo mzima. Kujifunza; hakuna darasa la Linux linaloshinda simu uliyoifungua mwenyewe. Na kurefusha maisha ya simu ambayo kiwanda kimeitelekeza, kwa kuweka mfumo kama LineageOS, mrithi wa CyanogenMod tangu mwisho wa 2016. Hapa niseme jambo linalochanganywa sana: kuweka mfumo mwingine kunahitaji kufungua butiloda, yaani ile programu ya kwanza kabisa inayoamua simu iwake na mfumo gani. Si lazima uruti. Unaweza kuwa na LineageOS bila ruti ukaishi vizuri.

PESA ZIKAHAMA

Wakati faida zinapungua, kitu kingine kilikuwa kinasogea polepole. Benki zilileta programu zao. Mikopo ikawa programu. Juni 2021 M-Pesa nayo ikaleta programu yake kubwa ya simu, ingawa ile menyu ya laini ipo bado. Pesa zilitoka kwenye laini, ambako ruti haifiki, zikahamia ndani ya Android, ambako ruti inafika kila pembe.

Ukishaelewa zile namba kuanzia 10000 nilizoeleza juu, utaelewa kwa nini benki zinaogopa. Ukuta kati ya programu yao na programu nyingine unasimama kwa sababu hakuna anayetumia akaunti namba 0. Ukiruti, na programu moja mbaya ikapata ruhusa hiyo, inaweza kusoma faili za benki, jumbe zenye namba za kuthibitisha, na unachobonyeza. Ndiyo maana nyingi za programu hizo huchunguza simu kwanza. Google hutoa huduma ya kuuliza kama simu ni nzima; zamani iliitwa SafetyNet, sasa ni Play Integrity. Ikijibu hapana, benki inafunga mlango. Mwaka 2016 John Wu alitoa Magisk, inayoruti bila kuandika juu ya mfumo wenyewe, na tangu hapo ni mbio za paka na panya: huyu anaficha, yule anachungua. Leo unaingia benki, kesho asubuhi hauingii, na una ada ya mtoto ya kulipa.

Viwanda navyo vimekaza. Mwaka 2016, Android 7.0 ilianza kukagua kwa ukali kwamba mfumo haujaguswa kabla ya simu kuwaka. Samsung tangu 2013 huweka ndani ya simu fyuzi ambayo ukishaweka mfumo usio rasmi inaungua na hairudi. Huawei, walewale wa Ideos, waliacha kutoa namba za kufungulia butiloda mwaka 2018. Na unapofungua butiloda kwa njia rasmi, simu hujifuta yote iliyonayo. Hiyo si adhabu. Ni ili mwizi aliyeiokota asifungue akakuta mambo yako.

LAKINI USIDHANI SIMU ISIYORUTIWA HAINA MWENYE UFUNGUO

Msomaji anaweza kusema: basi tusiruti, tukae salama. Ngoja kidogo.

Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilitangaza kwamba kwenye maelfu ya simu za Tecno W2, zikiwemo zilizouzwa kwa majirani zetu Ethiopia, pamoja na Misri, Ghana, Kamerun na Afrika Kusini, kulikuwa na wadudu walioitwa Triada na xHelper. Walikuwa wanaandikisha watu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua, wakila salio na data. Wenye simu hawakuwa wameruti. Triada alikuwa amewekwa kabla simu hazijafika dukani. Watengenezaji, Transsion, walisema lilitokana na mshirika fulani katika mnyororo wa uzalishaji na kwamba walikuwa wametoa marekebisho.

Fikiria hali ya mwenye simu hiyo. Mdudu yuko kwenye sehemu ya mfumo, ambako yeye haruhusiwi kufuta. Akiirudisha simu katika hali ya kiwandani, mdudu anabaki, kwa sababu naye ametoka kiwandani. Mwizi yuko chumbani na mwenye nyumba hana ufunguo wa chumba hicho. Aliyenunua simu ya bei ya chini kabisa ndiye aliyekuwa na sababu kubwa ya kuhitaji ruti, na ndiye asiyeweza kumudu simu ikifa.

Kwa hiyo hakuna simu isiyo na ruti. Kuna simu ambayo ruti unayo wewe, na simu ambayo ruti anayo mwingine. Swali ni unamwamini nani zaidi: kiwanda, au wewe mwenyewe saa saba za usiku na maelezo uliyoyasoma nusu?

KABLA HUJARUTI

1. Pesa zako ziko wapi? Ikiwa benki, chama na mkopo viko kwenye programu za simu hiyo, usiiguse. Tafuta simu ya pili.
2. Unataka nini hasa? Ukitaja jambo lenyewe, mara nyingi utakuta Android ya leo inaliweza bila ruti.
3. Una nakala ya kila kitu, mahali pengine, na umeifungua ukaona inasomeka?
4. Una faili ya mfumo wa asili wa simu hiyo hiyo, si "inayofanana nayo"? Bila hiyo, ikiganda umekwisha.
5. Njia unayotumia, msimbo wake uko wazi? Programu ya kubofya mara moja isiyoonyesha ilivyoandikwa inapata ruti kabla yako.
6. Simu ni yako peke yako? Kama ni ya mama, jibu unalijua.

Mimi nina simu mbili. Yenye laini na benki sijairuti. Nyingine ni ya zamani, haina laini, ina LineageOS na ruti, na nimeiua na kuifufua mara nyingi.

SASA, NI YA NANI?

Nirudi kwa jirani. Simu za mkopo zimeenea tangu Safaricom na Google walipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo Julai 2020, ya shilingi 20 kwa siku, na wengine wanaofanya biashara hiyo. Kifungo chake hakikuwekwa kama programu ya kawaida. Kimeshikwa na mfumo, na mkopeshaji ana IMEI. Simu ikijifunga, hata ule ukurasa wa kuruhusu butiloda ifunguliwe huupati. Anayedai kukifungua anatumia vifaa vya kuingilia chipu, na huyo huyo ndiye aliyekuwa anataka kubadilisha IMEI. Mwishoni ungekuwa na simu isiyoingia benki, isiyopata masahisho ya usalama, na deni lile lile.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo sikulitoa pale mlangoni, ni hili: ndugu yangu, kwa sasa ni yenu wawili. Nyumba ya kanjo haiwi yako kwa kutoboa ukuta. Lakini kiwanda na mkopeshaji nao wasisahau: siku ukilipa shilingi ya mwisho, kifungo kiondoke chote, na anayetaka kuifungua simu yake aachwe aifungue, akijua anachofanya. Hiyo ni haki ya mnunuzi, na nitaitetea hata kama wengi hawataitumia.

Alipata kibarua Gikomba, akalipa malimbikizo, simu ikafunguka. Amebakiza miezi minne. Nimemwambia akimaliza aje nayo, na aje pia na nakala ya picha za watoto wake. Tutakaa chini tuzungumze.

Tuonane tena tukijaliwa.